Kaingia Chini ya Trela

Kwetu Bodo trela haliui mtu. Mtu ndiye huingia chini ya trela. Sikiliza habari zinavyotolewa asubuhi pale kwa mama wa mahamri: "Umesikia? Yule kijana wa boda kaingia chini ya trela jana usiku." Kaingia, kama aliyeingia dukani. Katika sentensi hiyo trela halifanyi kitu. Liko tu, kama mbuyu ulioota kando ya njia kabla babu zetu hawajazaliwa. Anayefanya kila kitu ni maiti.

Sentensi hii ilianza kunikera mwaka juzi, ilipomfikia binamu yangu.

Kwa msiokujua kwetu: Bodo ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Kwale, na ng'ambo ya maji kuna kisiwa cha Funzi. Wageni wa Diani huletwa kupanda boti, wakaone pomboo na mikoko, halafu jioni hao wamerudi hotelini. Sisi tukitaka kutoka tunapanda boda kwenye njia ya vumbi hadi barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga. Hapo ukipinda kulia unaenda Msambweni, Ukunda, hadi feri ya Likoni. Ukipinda kushoto unaenda Lunga Lunga na mpaka wa Tanzania. Lami ni nzuri, na usiku ni giza tupu. Ukishaiacha Ukunda na taa zake, mwanga unaoupata ni wa gari lako na wa gari linalokujia.

Binamu alikuwa amempeleka mama mmoja hospitali ya Msambweni kumpelekea mgonjwa chakula. Akawa anarudi peke yake, saa mbili usiku na kitu. Mbele yake kulikuwa na trekta linavuta trela la mawe, yale mawe ya kujengea yanayokatwa timboni. Nyuma halikuwa na taa, halikuwa na kioo cha kung'aa, halikuwa na namba. Upande wa pili ikaja matatu imewasha taa zote, full. Haya yote tumeyajua baadaye, kwa vipande vipande. Kipande kimoja ni cha mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alisikia mshindo, akaona trekta limesimama mbele kidogo, watu wawili wakashuka na tochi ya simu, wakaangalia, wakapanda tena. Kipande kingine ni vumbi jeupe la mawe lililobaki kwenye helmeti.

Niseme ukweli kuhusu yule dereva wa trekta, maana nimemfikiria sana kuliko ninavyotaka. Huenda mwanzo hata hakuhisi. Trela lenye tani kadhaa za mawe likigongwa na pikipiki halitikisiki, na ukiwa juu ya trekta linalonguruma utadhani umekanyaga shimo. Kilichomfanya asimame sikijui. Kilichomfanya aondoke nakijua, na wewe unakijua.

Polisi walipofika walikuta pikipiki, mtu na barabara. Basi. Tulipoenda kituoni na shemeji kuchukua abstrakti, tukasomewa kwamba hii ni ajali ya mtu kujihusisha peke yake. Nikamwomba afande arudie. Akarudia, bila ubaya wowote, akanionyesha kwa kalamu: sehemu ya gari la pili iko wazi, kwa sababu gari la pili halipo. Shemeji akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wanasema alijigonga?" Nikamwambia ndiyo, ndivyo inavyosema. Akauliza tena, "Alijigonga na nini?"

Hilo swali sijawahi kuliona likiulizwa kwenye fomu yoyote.

Wakati wa matanga wazee walisema ajali haina kinga. Mwingine akasema siku yake imefika. Sina ugomvi na kadari. Nimelelewa humo na nitafia humo. Lakini imamu wetu huyuhuyu ametusimulia mara ngapi kisa cha yule bedui aliyemwacha ngamia bila kumfunga kamba akisema anamtegemea Mungu, na jibu alilopewa na Mtume? Tunakijua kwa moyo. Tunakitumia kwa ngamia, wanyama ambao Bodo hatunao. Trela tunalo kila siku.

Ndipo nikaanza kuyaangalia. Ukishaanza huwezi kuacha, unakuwa kama mtu aliyeumwa jino, kila anayecheka unamtazama meno.

Kuna yale makubwa ya bandarini, ambayo tangu njia ya Dongo Kundu ilipofunguliwa hadi upande wetu mwaka 2024 hayalazimiki tena kusubiri feri. Hayo angalau yana makaratasi: namba inayoanza na Z, ambayo ndiyo namba ya trela Kenya, mistari ya njano na nyekundu nyuma, breki za upepo, ukaguzi kila mwaka. Yakikosea yanakosea kwa kelele. Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, lori la kontena lilipoteza mwelekeo likaparamia wachuuzi, abiria na vijana wa boda, na zaidi ya watu 50 wakafa. Nchi nzima ikalia, viongozi wakafika, magazeti yakaandika wiki nzima. Ya kwetu yanachukua mmoja mmoja, na mmoja si habari. Kenya barabara zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wengi wao hawafi kwa makumi siku moja. Wanakwenda hivihivi, kwa kuingia chini ya kitu.

Ya kwetu hayatoki bandarini. Yanatoka shambani, timboni, ufuoni. Upande wa Ramisi watu wamevuta miwa kwa vizazi. Kiwanda cha kwanza kilianza 1927 na kikafa 1988, wazee bado wanahesabu miaka yao kwa hicho kiwanda, na miwa ilirudi baadaye. Msimu ukifika utaona trekta moja limefunga matrela mawili, miwa imetokeza pembeni inafagia njia ya wapita kwa miguu. Watu wa Mumias na Kakamega wakisoma hapa watatikisa kichwa, maana wao wameishi na hiyo picha tangu utotoni. Ila kuna pia trela la kuni, la makuti, la tangi la maji, la mchanga. Na kuna trela la boti. Hili la boti lichekeshe kidogo: usiku ukikutana na mashua katikati ya lami, kilomita kadhaa kutoka baharini, utadhani umelala. Mlingoti umetokeza nyuma mita tatu, na onyo lake kwa ulimwengu ni mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye ncha.

Nilikwenda Ukunda kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mtu niliyesoma na mdogo wake, nikamwomba anieleze trela linazaliwaje.

"Trela halizaliwi," akasema. "Linaokotwa."

Unaanza na ekseli ya gari lililokufa. Zamani ilikuwa Peugeot 504, zile pikapu, sasa ni chochote. Juu yake fremu ya vyuma, mbao, mbele unachomelea shingo. Kazi ya siku mbili tatu. Akanionyesha shingo ndiyo yenye siri. Mzigo ukikaa nyuma sana, shingo inainuka na kuinyanyua gari kitako. Mwendo ukizidi trela linaanza kuyumba kushoto na kulia, kila myumbo mkubwa kuliko uliopita, na dereva akishtuka akakanyaga breki ndio amemaliza. Wataalamu wanasema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ukae mbele kwenye kiungo. Yeye hana mizani. Kwa kitrela cha boti anapima kwa mgongo: ukiweza kuinua shingo kwa kidole, mzigo uko nyuma mno, panga upya.

Halafu pini. Inayounganisha trela na trekta inatakiwa iwe chuma cha kazi hiyo, na chini yake kidude cha kuizuia isiruke njiani. Tembea na macho yako siku moja tu. Utaona nondo ya kujengea iliyokunjwa kwa nyundo. Inashika, kweli, hadi siku inapokatika. Ndiyo maana kunatakiwa minyororo miwili ipishane kama mkasi chini ya shingo, ili pini ikikatika shingo idakwe, isichimbe lami na trela lisije kuamua safari yake lenyewe. Nikamuuliza ni wateja wangapi wanataka minyororo. Akanyoosha mkono kuonyesha matrela matatu yaliyokuwa yakisubiri wenyewe. Nikahesabu minyororo. Haikuhitaji kuhesabiwa.

Breki hayana. Likiwa nyuma ya trekta, breki ni za trekta, na kwenye mteremko trekta linasukumwa na kile linachokivuta. Taa ndiyo hadithi yenyewe. Zinawekwa, mara nyingine, siku ya kwanza. Waya unapita chini ya fremu, unakatwa na kichaka, unakatwa na panya, unakatwa na kijana anayefunga trela gizani kwa haraka. Mwezi mmoja baadaye taa zipo na umeme haupo.

"Mteja ananunua magurudumu," fundi akaniambia. "Taa ananiambia ataweka mbele ya safari."

"Na wewe unampa?"

"Nisipompa atavuka barabara kwa mwenzangu. Uko tayari kunilishia watoto?" Akacheka, halafu hakucheka. "Bro, mimi natengeneza mkokoteni mkubwa. Mtu akisema tela ni gari, kila mtu anamshangaa."

Hapo ndipo penyewe, nafikiri. Halina injini, halina usukani, halina mtu ndani. Halipigi kelele. Kwa macho yetu ni mzigo tu wenye magurudumu, na mzigo haushtakiwi. Mwenye trekta ana leseni yake na namba yake mbele, anaona amemaliza. Lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imelitaja trela kwa jina: lisajiliwe kama gari linavyosajiliwa, liwe na namba yake, na usiku liwe na taa nyekundu nyuma. Wala si sheria ngeni. Kuna mamlaka nzima, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na kazi yake ndiyo hiyo. Kwenye karatasi trela la mawe na lori la kontena ni ndugu.

Na ukikosa namba hukosi namba peke yake. Bima ya mtu wa tatu inafuata namba. Kisheria familia ya aliyekufa inaweza kulipwa na bima hadi shilingi milioni 3. Wakili tuliyemwendea, mtu mpole, alitusikiliza hadi mwisho, akauliza namba ya gari. Hatuna. Namba ya trela? Halikuwa nayo. Shahidi? Mlinzi, ambaye aliona trekta kwa mbali, gizani, rangi hakumbuki. Akafunga faili, ambalo ndani lilikuwa na karatasi moja tu, ile abstrakti inayosema binamu yangu alikuwa peke yake barabarani. Shemeji siku hizi anakaanga samaki jioni pale njia panda. Ana watoto wawili. Mdogo hakumkuta baba.

Kuna mtu atasema, kama walivyosema wengi, alikuwa anaendesha kasi. Vijana wa boda si malaika, sawa. Lakini tupige hesabu kwa utaratibu. Tuseme alikuwa kwenye kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 17 kila sekunde. Trekta linakwenda 20, yaani mita tano na nusu. Pengo kati yao linafungwa kwa mita 11 kila sekunde. Taa ya pikipiki ya kazi, kioo kimepauka, betri imechoka, ikikuonyesha kitu cha kijivu mita 25 mbele, una sekunde mbili na kidogo. Ya kwanza inaisha kabla ubongo haujakubali kwamba kile ni kitu, achilia mbali kwamba hakikimbii kama magari mengine. Inayobaki ndiyo ya kukanyaga breki au kukwepa, na upande wa kukwepea kuna matatu inakuja. Sasa weka taa za hiyo matatu machoni pake. Jicho likishapigwa na mwanga mkali linahitaji sekunde kadhaa kurudi sawa. Mawe ya kwetu ni ya rangi ya vumbi. Lami nayo usiku ni ya rangi hiyohiyo.

Huyo hakuingia popote. Aliwekewa ukuta njiani, ukuta unaotembea.

Kinachoniuma ni bei ya dawa. Ule mkanda wa kung'aa, mwekundu na mweupe, hautaki betri wala waya. Una vipande vidogo ndani vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo hata taa mbovu ya pikipiki inatosha kuuamsha kwa mbali. Panya hali mkanda. Wasukuma mikokoteni wa Mombasa, watu wasiodaiwa ukaguzi na mtu, utawaona wamening'iniza siidii kuukuu nyuma, za kanda za zamani, zikipigwa na taa zinamulika. Wao wameelewa. Mwenye trekta la thamani ya nyumba hajaelewa.

Badala yake tuna lugha ya majani. Trela likiharibika, utingo anakata matawi na kuyapanga nyuma, badala ya zile pembetatu nyekundu. Mchana mtoto wa darasa la pili anajua maana yake: punguza mwendo, kuna kitu. Usiku ni majani tu. Na wakishatengeneza wanaondoka, matawi na mawe ya kuzuia magurudumu wanatuachia, zawadi.

Baada ya arobaini, vijana wa steji yetu walichanga wakanunua mkanda, roli moja. Mwenyekiti wao hakufanya mkutano wala hotuba. Trekta likisimama njia panda dereva anunue maji au sigara, mmoja anakwenda nyuma na kitambaa, anapangusa vumbi, anabandika vipande viwili, kushoto na kulia. Wengi wa madereva hawakujali. Baadhi walishukuru, mzee mmoja wa trela la kuni alitaka kulipa, wakakataa, akawaachia fungu la kuni kwa shemeji. Lakini mmoja, wa mawe, alishuka mbio akabandua vyote viwili kabla gundi haijashika.

"Mnataka niuziwe kesi?" akasema. "Likimeremeta askari wataliona."

Vijana walibishana naye, sauti zikapanda, karibu pawe na ngumi. Mimi nilikuwa nimekaa kwa shemeji nakula samaki, na nikiri nilibaki na mdomo wazi, kwa sababu jamaa alikuwa amesema jambo la akili kabisa. Trela lisilosajiliwa, lisilo na bima, lisilo na taa, salama yake ni kutoonekana. Giza si uzembe tu, giza ni mpango. Linalomficha askari wa kizuizini ndilo lililomficha binamu yangu. Ukitaka yang'ae, lazima kwanza mwenyewe asiwe na sababu ya kuyaficha, na hapo mkanda wa vijana wa steji haufiki. Hapo panataka usajili unaofika hadi Msambweni na Lunga Lunga bila mtu kupoteza siku tatu za kazi. Panataka askari anayezunguka nyuma ya trekta, asiishie mbele kwa dereva. Na fomu ya ajali iwe na nafasi ya kuandika: kitu kilichogongwa hakikupatikana. Sentensi moja tu. Ingetosha kumwondoa mtu kwenye upweke aliopewa.

Roli liliisha siku nyingi. La pili limenunuliwa nusu, kwa maana ya kwamba nusu ya pesa imepatikana.

Wiki iliyopita nilishuka njia panda ya Msambweni nimechelewa, nikapanda boda ya kijana wa kwetu. Mbele, mbali kabisa, nikaona vidoa viwili vyekundu vimepauka vumbi, kimoja kimeanza kubanduka ncha. Tulikuwa hatujaliona trela lenyewe. Kijana akapunguza mwendo taratibu, akangoja lori la upande wa pili lipite, akatoa mkono kuashiria.

"Hiyo yetu hiyo," akasema, akalipita.